Shukurani kwa Sanduku

Wenzangu wa Mgeta, tusikufuru neema: tangu televisheni ilipoingia Tanzania Bara mwaka 1994, nasi baadaye tukajaaliwa kupachika ungo juu ya bati, ustaarabu umekwea hata milima ya Uluguru. Zamani bibi alitupotezea jioni nzima kwa hadithi za sungura, maharage yakitokota; leo ameketi kimya kama mgeni, nasi twamlilia bi harusi wa Istanbul aliyesingiziwa, hata machozi yaingie mchuzini, na mtoto mwenye swali huambiwa, kwa adabu kabisa, asubiri matangazo ya biashara.

Jirani yetu wa ng'ambo ya kijito aliugua siku tisa. Taarifa ya habari haikumtaja. Tulipashwa na wachimba kaburi.