Kuisifu Adapta Kigeugeu

Fahali anayesifiwa Kakamega ni yule ambaye, baada ya kusindikizwa alfajiri kwa ngoma ya isukuti na umati wenye matawi mikononi mpaka uwanjani Khayega, huinamisha pembe akapigana. Ama yule ambaye, pamoja na taadhima yote hiyo, humtazama hasimu wake, akageuka, akarejea malishoni, huyo hana wa kumtungia wimbo. Kwa kuwa dhuluma hii imenikera siku nyingi, nami sina fahali, nimeazimia kumfidia kwa kumsifu nduguye aliye mezani pangu hapa Shieywe, nayo ni adapta ya wifi, kidude kisichozidi ukucha wa kidole gumba, ambacho asubuhi huupokea mtandao kwa bashasha, adhuhuri kikaukana, na magharibi kikausalimu kana kwamba ndiyo kwanza wanajuana.

Tarakilishi iliyoipa hifadhi ni ajuza: bawaba zimelegea, betri haifiki nusu saa, na wifi yake ya kuzaliwa ilikwisha kufariki. Mfumo wake wa kwanza ulipomchoka nilimtilia Linux, ile kazi aliyoianza Linus Torvalds mwaka 1991 akiwa mwanafunzi mjini Helsinki, kwa sura ya Ubuntu, ambayo ilitolewa mara ya kwanza Oktoba 2004 na ambayo Mswahili hahitaji mkalimani wa jina lake, maana ni utu uleule kwa ndimi za kusini. Utu huo haukupata kuingia ndani ya adapta. Lau ungeingia, leo ningekuwa jahili.

Nasema hivyo kwa sababu miaka mingi nilitumia waya ofisini, na waya ni mkweli, hauna visingizio, nikastaafu bila kujua kwamba kerneli ina daftari. Adapta ndiyo iliyonishika mkono. Siku iliyonitoroka mara tisa kabla ya chai ya saa nne, niliandika lsusb, nikaona ipo. Nikaandika rfkill list, nikajibiwa kwamba hakuna aliyeifunga. Nikaandika dmesg, ndilo daftari lenyewe, ambamo kila tukio huandikwa kwa sekunde na visehemu vyake, nikakuta imerekodiwa kwamba kiungo kimekatwa kwa hiari ya hapahapa nyumbani, sababu ya 3. Na nilipotafuta maana ya sababu ya 3, nikaambiwa kwamba ni kuondoka. Yaani ameondoka kwa sababu anaondoka. Nimeishi na wapangaji wengi, na sijapata kuona barua ya kuaga yenye insafu kama hiyo.

Aghalabu maradhi ya namna hii ni usingizi. Draiva huilaza chipu baina ya pakiti na pakiti ili kuokoa umeme, jambo la busara kwa betri, ila ziko chipu ambazo, zikilala, husahau kwamba ziliahidi kuamka. Dawa ni amri ya iw ya kuzima power_save. Lakini dawa hiyo haivuki usiku, kwani ukiwasha upya usingizi umerudi, mpaka uingie katika mafaili ya NetworkManager, ambamo mikono ya Ubuntu yenyewe imekwisha kuandika wifi.powersave kuwa 3, nawe uifute uandike 2. Hapo 3 ni ruhusa ya kulala, na 2 ni katazo. (Namba 3 na nyumba yangu wana jambo lao.)

Niliandika 2, nikatulia siku nne. Siku ya tano, saa kumi alasiri, ikaanguka mvua ya mawe ambayo Kakamega haioni haya kuileta hata palipoanikwa nguo, majani ya mparachichi ulio baina yangu na ruta ya mwenye nyumba yakalowa, na majani mabichi yenye maji hunywa mawimbi kama yanywavyo jua. Wimbi lenyewe lina urefu wa sentimita 12 na ushei, na aluminiamu hulirudisha. Basi nikaichomeka adapta kwenye waya wa kurefushia, nikaining'iniza katikati ya sufuria niliyoielekeza dirishani, na taa ya kijani ikaanza kumetameta kwa furaha.

“Mjomba,” akasema mpwa wangu, aliyekuwa amesimama mlangoni na unga mkononi, “waya wa mita kumi si bei kubwa.”

Nikamweleza fadhila zote nilizokwisha kuzitaja, pamoja na ile ya fahali. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

“Sawa, Mjomba. Sasa ugali nitausongea wapi?”

Nikamkabidhi sufuria. Taa ikazimika. Tulipokuwa tukila nilisogeza tarakilishi kwa mkono wa kushoto, nikafungua daftari, na safari hii haikuwa sababu ya 3 bali ya 4, ambayo tafsiri yake ni kukaa bila shughuli. Nami, mkono wa kulia ukiwa na tonge la ugali, sikuwa na hoja ya kuipinga.