Namna ya Kukuza Kampuni ya Meseji Wenye Simu Wasikulaani

Kwanza mjue bosi wako. Benki ndiyo inayokulipa na mtandao wa simu ndio unaokudai, lakini meseji inasomwa na mama aliyesimama dirishani kwa wakala, ambaye jina la kampuni yako hatalisikia maisha yake yote. Bosi ni huyo mama. Katika biashara hii mambo huanza kuharibika siku anaposahauliwa.

Pili, jua unauza nini kabla hujamfuata mwekezaji. SACCO ya Nakuru inayotaka kuwaarifu wanachama kwamba mikopo imepita ingelazimika kusaini mkataba na Safaricom, kisha Airtel, kisha Telkom, kila mmoja na fomu zake na namna yake ya kuunganisha mitambo. Wewe umeshazimaliza foleni hizo. Wao wanaandika mistari michache ya programu, meseji zinaondoka. Africa's Talking ilianza hivyo Nairobi mwaka 2010, mikononi mwa Samuel Gikandi na Eston Kimani, na ikafika mahali pa kuuza SMS, menyu za nyota na reli, sauti na muda wa maongezi kupitia mlango mmoja. Mwaka 2018 ilipata dola milioni 8.6 kutoka kwa wawekezaji walioongozwa na IFC, shirika la Kundi la Benki ya Dunia. Kwa hiyo kama huna subira ya kukaa mapokezini kwa watu wa mtandao wa simu tangu chai ya saa nne mpaka ya saa kumi, tafuta kazi nyingine mapema, hakuna atakayekucheka.

Wapende waandishi wa programu, na uwapende kwa vitendo. Jeff Lawson, aliyeanzisha kampuni ya meseji ya Twilio huko Marekani mwaka 2008 pamoja na wenzake wawili, alikuwa akipanda jukwaani na kuandika programu watu wakimtazama, mpaka simu zao zinaita mifukoni. Baadaye kampuni ikaweka bango kubwa barabarani la kuwaambia wakurugenzi wakawaulize waandishi wao wa programu. Wewe huna haja ya bango. Andika maelekezo ambayo mwanafunzi wa hosteli atayafuata leo usiku na kutuma meseji yake ya kwanza bila kumpigia mtu simu. Bei iweke wazi, hata kama mtu wa mauzo atanuna.

Sasa tufike kwenye neno ng'ombe na ritifaa yake, maana hapa ndipo utakapopimwa uaminifu. SMS moja hubeba baiti 140, na kwa alfabeti fupi ya simu, hizo hutosha herufi 160. Ritifaa iliyonyooka, ile ya kwenye kibodi ya kawaida, imo ndani ya alfabeti hiyo. Iliyopinda haimo. Sasa katibu wa chama cha wafugaji anaandika tangazo la chanjo ya ng'ombe kwenye kompyuta ya ofisi. Programu ya kuandikia, kwa kujipendekeza, inaikunja ile ritifaa ili ipendeze. Katibu hajaona kitu. Ananakili, anabandika, anatuma. Kwa alama hiyo moja, ujumbe mzima unahamia kwenye alfabeti pana, nafasi inashuka kutoka herufi 160 hadi 70, na ukikatwa vipande kila kipande kinabeba 67 tu. Tangazo la herufi 150, lililopaswa kuwa meseji moja, sasa ni meseji 3. Chama kina wafugaji 5,000. Katibu anatozwa meseji 15,000 na kwenye kikao cha kamati anaulizwa pesa zimekwenda wapi.

Mfumo wako uione alama hiyo, uinyooshe, au angalau umwonyeshe katibu hesabu kabla hajabonyeza kutuma. Mapato ya mwezi huo yatapungua. Yaache yapungue. Huwezi kujenga kampuni ya kudumu juu ya ritifaa za wafugaji, na nalisema hili kwa uchungu kwa sababu mwenye hasara hapa ni mtu aliyeandika Kiswahili sanifu.

Halafu kuna njia za panya. Utapigiwa simu na mtu mwenye sauti laini atakayekupa bei nusu ya ile ya mtandao. Mitambo yake imejaa laini za kawaida, zile zile za kupigia shangazi, na inasukuma meseji za benki kupitia humo. Ripoti itasema zimefika zote. Nyingine hazikufika, na zilizofika zimeingia kwa namba ngeni badala ya jina la benki. Usimsikilize. Tanzania, watu wameumizwa vya kutosha na meseji za "ile hela itume kwenye namba hii", hadi mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ikaweka namba 15040 ya kuripotia matapeli. Benki ikianza kuwasemesha wateja wake kwa namba zisizojulikana, unamfundisha yule mama kumwamini tapeli.

Usimtegemee mteja mmoja mnene. Mei 2017 Twilio ilisema Uber ingepunguza kuitumia, na hisa zake zikaporomoka kwa takriban robo.

Kuhusu kununua kampuni nyingine, mimi nipo upande wa Vodnjan. Huo ni mji mdogo wa Istria, Kroatia, ambako Silvio Kutić na wenzake walianzisha kampuni ya meseji ya Infobip mwaka 2006. Walikua kwa pesa za wateja hadi 2020, ndipo wakachukua mwekezaji wa nje na kuinunua OpenMarket ya Marekani kwa dola milioni 300. Twilio ilipanuka kwa kasi zaidi, ikanunua Segment kwa dola bilioni 3.2 mwaka huo huo, kisha ikapunguza asilimia 11 ya wafanyakazi Septemba 2022 na asilimia 17 Februari iliyofuata. Hao waliopunguzwa walikuwa na kodi za nyumba.

Matangazo usiyatume alfajiri, na kila tangazo liwe na njia ya kujitoa inayofanya kazi kweli. Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2019, Tanzania tangu 2022.

La mwisho ni chati ya mauzo inayopanda ghafla. Matapeli huagiza roboti zifungue akaunti bandia kwa mteja wako, kila moja ikiomba namba ya uthibitisho, na meseji hizo zinakwenda kwenye simu za mtandao wanaogawana nao malipo. Elon Musk alisema Twitter ilikuwa ikipoteza dola milioni 60 kwa mwaka kwa meseji za aina hiyo. Kila moja inakuingizia na wewe faida, ndiyo maana kuzizuia kunataka moyo. Utazitambua: namba za simu zinafuatana, na namba za uthibitisho zinatumwa kwa maelfu lakini hakuna anayeziingiza. Mtu wa zamu apewe ruhusa ya kuifunga njia hiyo saa nane za usiku bila kumwamsha mkurugenzi, na mteja arudishiwe pesa yake kabla hajaidai.