Mita 300 za Baba Mkwe

Mfarakano ulioingia nyumbani kwetu South C, Nairobi, likizo ya Agosti 2025 haukuletwa na pesa wala maneno ya majirani. Uliletwa na kidude cha kijivu kinachoenea kiganjani: kifaa cha GPS alichokitumia baba mkwe alipokuwa saveya wa serikali. Tangu alipostaafu kilikuwa kimelala kabatini mwake, kimefungwa kwa kitambaa.

Nia ilikuwa njema. Mume wangu Salim alitaka watoto waachane na simu kwa muda, na mwenzake kazini akamweleza habari za jiokashingi. Watu huficha kasha dogo mahali panapofikika na kila mtu, wakatia ndani daftari na vitu vidogovidogo, kisha wakatangaza latitudo na longitudo yake. Mwingine hulitafuta kwa GPS. Akilipata huandika jina daftarini, akichukua kitu huacha kingine chenye thamani ileile au zaidi, na kasha hurudi palepale lilipokuwa. Halifukiwi ardhini, halitiwi chakula, na mwenye ardhi huombwa ruhusa kwanza. Niliupenda mchezo huo papo hapo, kwa kuwa unamtembeza mtoto kwa miguu na kumfunza kusoma ramani.

Salim akamwendea babake. Mzee hakusita. "Chukueni," alisema, "ila kirudi kizima."

Jumamosi usiku tulipofungua mlango wa betri, springi zilikuwa zimeota ukoko mweupe wenye chembe za kijani. Betri za alkalini zikikaa miaka bila kutumika huvuja, na kinachovuja hula chuma. Dawa yake iko jikoni. Nilivaa glavu, nikachovya kijiti cha pamba kwenye siki, nikasugua. Ukoko ulitoa povu, ukalegea, ukatoka vipande vipande, na shaba ikaanza kung'aa. Nikafuta kwa spiriti na kuacha kikauke hadi asubuhi. Salim akatia betri za kuchaji, na mshale wa chaji ukasimama chini kuliko kawaida. Hapo hapakuwa na hitilafu: betri hizo hutoa volti 1.2 badala ya 1.5, na kifaa chenyewe kina mahali pa kuambiwa kimetiwa betri za aina gani.

Binti yetu Zuhura alikiwasha sebuleni, kikatafuta setilaiti bila kupata hata moja. Nikamtuma nje uani. Setilaiti za GPS ziko kilomita 20,200 juu, mawimbi yake hufika yakiwa dhaifu mno, na dari ya zege huyazima. Kifaa huhitaji setilaiti angalau 4 ili kijue kilipo. Tena kikikaa miaka bila kuwashwa hulazimika kupokea upya orodha ya setilaiti zote, na orodha hiyo huchukua dakika 12 na nusu kuteremka. Kwa hiyo kikakaa juu ya ukuta wa ua sisi tukiwa kwenye mahamri na mbaazi.

Kilipozinduka, Khalid, mdogo wake Zuhura, alikuja mbio. "Mama, leo Krismasi!"

Kioo kilisoma Jumapili, 25 Desemba 2005. Sisi tulikuwa Jumapili, 10 Agosti 2025. GPS huhesabu tarehe kwa wiki tangu Januari 1980, na hesabu hiyo ina nafasi ya wiki 1,024 tu, kisha huanza sifuri. Ilirudi sifuri Agosti 1999, ikarudi tena Aprili 2019, na vifaa vingi vya zamani havikuelezwa habari hiyo. Siku ya wiki hubaki sahihi kwa sababu zinazopotea ni wiki kamili, na mahali pia hubaki sahihi. Niliwaeleza watoto hayo, lakini naona shaka ilikwisha kuwaingia.

Tukaenda Karura, msitu ambao Wangari Maathai na wenzake walipigwa mwaka 1999 wakiutetea usigawiwe wajenzi. Simu tuliziacha nyumbani kama tulivyoahidiana. Salim alitangulia na kifaa, nambari za kasha tumeziingiza kwa uangalifu, S na E mahali pake, dakika na desimali zake. Mshale ukatutoa njiani, ukatuteremsha mteremko wa mto, ukasema mita 4. Hapakuwa na kitu. Chini ya miti mawimbi hugonga majani na mashina kabla ya kufika, na mita 10 au 20 za kupotea ni jambo la kawaida, basi tukapanua duara. Salim aliinua kila jiwe akalirudisha. Khalid alisema kima wamelichukua. Zuhura akanyamaza kwa namna yake.

Kunyamaza kulikwisha wakati wa chakula cha usiku. "Kile kifaa kimezeeka," alisema. "Hata mwaka hakiujui." Salim akamjibu kwa ukali kwamba kifaa hicho kimepima mashamba ya nusu ya Kwale kabla yeye hajazaliwa. Zuhura akajibu tena, Salim akapandisha sauti. Baba mkwe, aliyekuwa nasi mezani, akaisogeza sahani yake ikiwa nusu, akasema alhamdulillahi, akaenda chumbani. Tangu hapo watoto na baba yao walikuwa wakisemeshana kupitia kwangu, na Mzee akawa anakunywa chai yake peke yake.

Kwa fikira zangu, aliyekuwa akikosewa heshima ni Mzee, na sikutaka hilo lilale nyumbani mwangu. Nikachukua kifaa na simu yangu, nikasimama langoni, nikaandika nambari za vyote viwili. Nikarudia nje ya msikiti, na mbele ya duka la mboga. Kila mahali simu ilisoma kusini zaidi kwa dakika kama 0.15 ya latitudo na mashariki zaidi kwa 0.05 ya longitudo. Tofauti ilikuwa ileile, upande uleule. Kifaa kilichoharibika huyumba, leo huku na kesho kule. Hiki kilikuwa kama mizani inayopima pamoja na bakuli, inayozidisha uzito uleule kwa kila mteja. Nikapiga hesabu ya mita: karibu 300.

Nilimpelekea Mzee chai ya tangawizi na karatasi yangu. "Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu."

Sikumuuliza kama kifaa ni kibovu. Nilimuuliza ramani zake zilijengwa juu ya msingi gani.

Alizitazama zile nambari, akaweka kikombe chini, na uso wake ukafunguka. Akainuka, magoti yakimsumbua, akatoa nyuma ya kabati bomba la kadibodi, na ndani yake ramani ya kipimo cha 1:50,000. Akaweka kidole pambizoni. "Arc 1960," alisema. "Ndiyo datamu ya ramani zetu, msingi wa vipimo vyake. Watu walipima kwa miguu na theodolaiti, wakiifuata longitudo ya 30 kutoka Afrika Kusini mpaka Misri, na Kenya, Uganda na Tanganyika zikachorwa juu ya kazi hiyo. Mimi nilikiambia kifaa kiseme nambari za ramani yangu. Setilaiti zina msingi wao, WGS 84. Ukichukua nambari za msingi mmoja ukazisoma kwa mwingine, hapa Nairobi unakosa mita 300."

Kumbe kasha lilikuwa kaskazini yetu, na kifaa kilitii amri ya mwenyewe miaka yote hiyo.

Akamwita Zuhura, akamkalisha kando yake kitandani. Alimsimulia kwamba hadi mwaka 2000 Wamarekani walikuwa wakiyachafua makusudi mawimbi ya raia, mtu akikosea hata mita 100, na kwamba Rais Clinton aliamuru waache, ikawa hivyo usiku wa kuamkia tarehe 2 Mei. Binti akamwambia alichokisoma yeye: kwamba kesho yake, tarehe 3, mtu aitwaye Dave Ulmer alificha ndoo msituni karibu na Beavercreek, Oregon, ndani yake mna kopo la maharagwe miongoni mwa vitu vingine, na mchezo wenyewe ukaanzia hapo. Mzee hakuwa akiijua habari hiyo, akataka arudiwe. Kisha akamwonyesha ukurasa wa mipangilio, Zuhura akaihamisha datamu kwa kidole chake. Akamtaka radhi babu yake bila kuambiwa na mtu.

Karura tulirudi na Mzee, na fimbo yake. Tulikwenda mwendo wake. Kasha lilikuwa chini ya kisiki, kopo la plastiki lililozungushiwa mkanda wa kijani, na Khalid ndiye aliyeliona. Mzee aliandika jina lake daftarini kwa hati ya saveya, herufi zimesimama wima, na pembeni akaongeza: WGS 84.

Wazee waliopima mashamba, misitu na barabara za nchi hii wapo wengi, na vifaa vyao vimelala makabatini. Ukikikuta kimoja usikitupe, wala usikikimbize kwa fundi. Toa betri leo. Safisha springi kwa siki, kiwashe nje chini ya mbingu, ukipe nusu saa. Usijali mwaka kinaoutaja. Angalia datamu, na kabla hujaibadilisha muulize mwenyewe aliiweka kwa ramani gani, maadamu yupo.