Mkasi Aliushika Mwenyewe

Nch! Hapana, jamani. Tukianza kuhesabu wabunifu wa mavazi hapa kijiweni, tusihesabu majina yaliyoandikwa kifuani kwenye fulana. Mmeyataja weee, wa Italia, wa Marekani, na mikanda yenye herufi kubwa kama sahani, wala hakuna hata mmoja wenu aliyetaja mtu anayejua kushona. Mimi wangu ni mmoja na sibadilishi: Azzedine Alaïa. Fundi wa Tunis. Mfupi, kimya, kila siku kavaa suti ileile nyeusi ya pamba ya Kichina. Akaenda Paris, akawafanya Wafaransa wasubiri nguo mpaka yeye aseme imekwisha. Hilo la kusubiri ndilo linalonifanya nimpende kuliko wote.

Alizaliwa Tunis mwaka 1935, Wafaransa bado wanatawala. Kwao wakulima wa ngano, ila yeye alilelewa mjini na babu na bibi. Alikuwa na pacha wake wa kike, Hafida. Hafida ndiye aliyefundishwa kushona na masista, na akirudi nyumbani na daftari lake la mazoezi, ndugu yake analichungulia. Mkunga aliyewazalisha, mama mmoja wa Kifaransa akiitwa Madame Pinault, alikuwa na magazeti ya mitindo kutoka Paris. Kijana akienda kumsaidia kazi anayafungua, anatazama. Huyo mama ndiye aliyemsukuma aingie chuo cha sanaa cha Tunis. Umri ukadanganywa ili akubaliwe. Akasomea uchongaji wa sanamu, na pesa ya matumizi akawa anaipata kwa kumalizia pindo za magauni kwa fundi wa mtaani, Hafida akimsaidia.

Uchongaji, shikeni hapo. Huyu mtu kabla hajakata gauni la kwanza alikuwa keshajua bega linakaaje, kiuno kinaingia wapi, mgongo unashuka vipi. Wengi wanaanza na picha kwenye karatasi. Yeye alianza na mwili.

Basi akaenda Paris, miaka ya 1950 ikielekea ukingoni. Akapata kazi kwa Christian Dior, nyumba kubwa kuliko zote za mitindo wakati ule. Mnajua alikaa muda gani? Siku 5. Tano! Makaratasi hayakuwa sawa, na Ufaransa ilikuwa vitani na Algeria, kwa hiyo kijana wa Kaskazini mwa Afrika Paris ile alitazamwa kwa jicho baya. Mfyuu! Mtu ana mikono ile, anaonyeshwa mlango. Baadaye alifanya kazi misimu miwili kwa Guy Laroche, na huko ndiko alikojifunza jinsi nguo inavyojengwa kutoka ndani. Lakini miaka mingi ya ujana wake aliipitisha majumbani mwa watu. Aliishi kwa bibi mmoja wa kikabaila, Comtesse de Blégiers, akimlelea watoto na kumshonea nguo. Mchana yaya, usiku fundi.

Kijana mmoja hapa ameguna niliposema yaya. Kwa nini uone aibu kwa niaba yake? Mtu aliyepika, aliyebeba mtoto, aliyemwona mwenye nyumba anahangaika kufunga vifungo vya mgongoni asubuhi, huyo anajua nguo inamfanyia nini mwanamke kuliko anayemwona jukwaani dakika moja. Mabibi wa tabaka lile wakaambizana. Mmoja akamleta mwenzake, mwenzake akaleta mwingine, mpaka akafungua chumba chake cha kazi Rue de Bellechasse. Fleti ndogo tu, cherehani zimejaa kila pembe. Na ngazi za fleti ile walizipanda matajiri kina Rothschild, akazipanda mwigizaji Greta Garbo aliyekuja kushonewa koti. Jina lake halikuwa kwenye bango lolote. Aliyelijua aliambiwa na mtu.

Kwa hiyo anapokuja kujulikana na dunia, mwanzoni mwa miaka ya 1980, si kijana aliyeibuka. Ni mtu wa miaka arobaini na kitu, keshakata nguo kwa zaidi ya miaka 20. Mwaka 1982 akaenda New York, akaonyesha kazi zake kwenye duka la Bergdorf Goodman, wanawake wakachanganyikiwa. Na wana haki! Mitindo ya wakati ule ilikuwa ya mabega mapana na vitambaa vinavyopepea. Yeye akaleta nguo inayoushika mwili. Alichukua ngozi, kitu cha majaketi ya wapanda pikipiki, akaitoboa na kuilainisha mpaka ikakaa kama nguo ya heshima. Akachukua zipu, ile tunayoificha pembeni, akaizungusha gauni zima kutoka shingoni hadi pindoni, ikiviringika kiunoni. Zipu ikawa mshono na pambo kwa wakati mmoja.

Ila kitu alichokifanya kwenye kufuma ndicho kinachoniacha mdomo wazi. Nguo ya kufumwa inavutika, kila mtu anajua, na ukiifua inalegea magotini na viwikoni. Alaïa alikaa na wafumaji wa Italia mpaka wakaweza kufuma kitambaa ambacho umbo limo humohumo kwenye uzi: hapa kimekaza, pale kimeachia, chini kimefunguka kuwa sketi inayochanua, bila kukatwa vipande. Gauni unaliona mkononi dogo, unasema hili la mtoto. Mwanamke akiingia ndani yake linajipanga lenyewe, linashika pa kushika na kuinua pa kuinua. Wanawake waliozoea kuficha matumbo wakajikuta wamesimama wima. Huo ni uchongaji, ila sanamu inapumua.

Na kukata alikata mwenyewe. Usiku, watu wamelala, televisheni inaonyesha wanyama wa porini, mzee yuko mezani na mkasi. Kupima alipima mwenyewe, pini mdomoni, kwenye mwili wa mtu aliye hai, siyo kwenye mdoli wa mbao. Hata alipokuwa na miaka sabini na kitu na mali nyingi, bado mkasi hakumwachia mtu.

Sasa hapa ndipo linapotoka suala la kusubiri. Biashara ya mitindo Paris ina kalenda yake. Machi mnaonyesha, Septemba au Oktoba mnaonyesha, katikati kuna nguo za likizo, kuna nguo za kabla ya msimu, kuna za wanaume. Ukikosa siku yako, wanunuzi wameshapanda ndege na waandishi wameshaandika ya wengine. Wabunifu wanakimbizwa, na wakichoka wanafukuzwa kama makocha wa timu za Ligi Kuu. Alaïa akasema hapana. Alionyesha nguo zikiwa tayari. Wiki ya maonyesho ikipita, imepita. Wiki kadhaa baadaye ndipo anaita watu wachache nyumbani kwake, wanakaa, wanatazama. Mwaka 1992 Hafida, pacha wake, alifariki, na baada ya hapo akajiondoa zaidi kwenye kelele zile. Alisema waziwazi kwamba hakuna binadamu anayeweza kuwa na wazo jipya kila baada ya miezi miwili, na kwamba mwendo ule unaua watu. Wakati huo walimwona mkaidi.

Nasikia mtu anasema mbona fundi wetu wa mtaa huu naye anatusubirisha, kila siku njoo kesho. Nch, nch. Usichanganye. Yule anayekwambia njoo kesho hajakigusa kitambaa chako, kipo kwenye mfuko wa plastiki chini ya meza, na usiku wa kuamkia Idi atakishona kwa mwanga wa simu. Alaïa alikuwa ameshakishona, akakifumua, akakishona, akakifumua tena kwa sababu ya bega moja. Ila nikwambieni na la upande wetu. Sisi tunampelekea fundi kitenge Alhamisi tunakitaka Jumamosi asubuhi, tena tunapunguza bei mpaka anatia huruma, kisha mshono ukiachia ukumbini tunamtukana. Kazi ya kupima mara tatu ina gharama yake, na gharama hiyo hatutaki kuilipa. Halafu tunauliza kwa nini nguo ya Paris inakaa vizuri!

Baadhi ya wakubwa wa magazeti hawakumpenda sana kwa ukaidi ule. Hakuwa mtu wa kuwalipia matangazo. Mwaka 2009 jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, liliweka maonyesho kuhusu wanamitindo na wabunifu waliowavalisha, na nguo zake hazikuwekwa. Nguo za mtu aliyewavalisha wanamitindo wakubwa wote wa kizazi kile! Mwanamitindo Naomi Campbell akakataa kwenda kwenye dhifa ya ufunguzi. Alifanya vyema. Naomi alifika Paris ana miaka 16, akalala kwenye nyumba ya Alaïa, akala mezani kwake, akawa anamwita Papa. Mwenyewe amesimulia kwamba akitoroka usiku kwenda disko, mzee anamfuata hukohuko. Kwanza anamrekebishia gauni kwa kuwa kalivaa vibaya, kisha anamrudisha nyumbani. Hebu fikirieni baba wa namna hiyo.

Nyumba yenyewe ilikuwa Rue de Moussy, mtaa wa Marais: duka, karakana, chumba cha kulala na jiko, vyote mahali pamoja. Mchana meza ndefu jikoni, anakaa mshonaji, anakaa mwanamitindo, anakaa tajiri, anakaa mpiga pasi, sahani moja kwa wote. Hii ni tabia ya nyumbani kwao Tunis na hakuiacha. Kuna watu wanapanda cheo, kitu cha kwanza wanachobadilisha ni meza ya kulia.

Na ngoja niwaambie la Tati. Tati lilikuwa duka la bei ya chini kule Barbès, Paris, mahali ambapo wahamiaji na mama wa kazi za ndani walikwenda kuchakura nguo kwenye matenga. Mwanzilishi wake, Jules Ouaki, naye alizaliwa Tunisia. Mifuko ya Tati ilijulikana kwa vibokisi vya waridi na nyeupe, na ukionekana nayo kwenye treni umeshajulikana wewe ni nani. Mwaka 1991 Alaïa, fundi wa matajiri, akachukua vibokisi vilevile vya Tati akavifanyia nguo za jukwaani, akawatengenezea Tati wenyewe fulana, mkoba na viatu vya kamba viuzwe kwa bei ya Barbès. Mwanamke aliyefagia ofisi akaweza kubeba kitu cha Alaïa. Leo kampuni kubwa zikishirikiana na maduka ya bei rahisi zinapigiwa makofi. Yeye alilifanya mapema, na akalifanya kwa watu aliowajua.

Miaka miwili kabla ya hapo, tarehe 14 Julai 1989, Ufaransa iliadhimisha miaka 200 ya mapinduzi yake. Place de la Concorde, usiku, dunia nzima inatazama, na anayesimama kuimba wimbo wa taifa ni Jessye Norman, Mmarekani mweusi, amefunikwa bendera ya Ufaransa iliyogeuzwa vazi, kitambaa kinapepea nyuma yake. Nani kalitengeneza? Yule kijana wa siku 5. Mimi nikiitazama picha ile nasonya na kutabasamu kwa pamoja.

Si kwamba hakuhitaji pesa. Mwaka 2000 alishirikiana na kampuni ya Prada, mwaka 2007 akajinunua akatoka, mwaka huohuo wakaingia kampuni ya Richemont. Lakini wote walikubali sharti: kalenda ni yake. Kwa nini wakubali? Kwa sababu bila mkono wake hakuna kitu cha kuuza. Wabunifu wengi wanachora, wanaoshona ni wengine, ndiyo maana tajiri akichoka anambadilisha mchoraji na cherehani zinaendelea kulia. Kwa Alaïa tajiri angebaki na jina tupu.

Julai 2017 alifanya maonyesho ya nguo za kushonewa mtu kwa vipimo vyake, ya kwanza ya aina hiyo tangu 2011, na Naomi akapita mbele ya watu. Novemba 18 mwaka huo akafariki Paris. Akazikwa Sidi Bou Said, juu ya bahari ya kwao.

Baada ya kifo ndipo watu wakaona ukubwa wa alichokuwa anakificha. Mwaka 1968, Balenciaga alipofunga nyumba yake ya mitindo, Alaïa aliitwa achukue nguo zilizobaki azikate atengeneze nyingine. Alipozishika akashindwa kuzitia mkasi. Akazitunza. Kuanzia hapo akawa ananunua kazi za mafundi waliomtangulia, Madeleine Vionnet, Madame Grès na wengine, maelfu kwa maelfu, kimyakimya. Mwaka 2023 jumba la makumbusho la Galliera, Paris, lilionyesha sehemu ya hazina ile.

Taasisi yenye jina lake inaendelea kuonyesha nguo hizo na zake mwenyewe hapohapo alipoishi, na mimi nina ombi kwao. Vijana wetu wanaoshona kwenye vibaraza wanaziona picha kwenye simu, mbele ya gauni tu, wanaiga mbele, na nyuma wanakisia. Chukueni gauni lake moja la kufumwa na moja la ngozi, mgeuze ndani nje, mpige picha kila mshono, kila pindo, zipu ilivyokaa, kisha muziachie bure. Fundi akiona ndani ya nguo hahitaji tafsiri.