Wimbo wa Kuangalia

Kuna watu hawasikii wimbo mpaka wauone. Nawajua, maana hukaa kwenye sofa nyuma yangu, hapa studio kwangu Sinza, na badala ya kutega masikio wanakodoa macho.

Kinara wao ni mzee mmoja, baba mkubwa wa msanii ninayemrekodi, na ndiye mwenye pochi. Siku ya kumiksi vokali nilifungua kompresa, ile plagini (programu ndogo ya kompyuta) ya kubana sauti inapopanda kupita kiasi. Yangu inaiga LA-2A, mashine ya Kimarekani ya miaka ya 1960, na walioichora hawakubakiza kitu: nobu mbili kubwa za kuzungusha, bati, skrubu ambazo hakuna bisibisi itakayozigusa, na katikati kidirisha chenye mshale. Mshale huo hutulia kulia, kwenye sifuri. Kadiri kompresa inavyobana, ndivyo unavyolalia kushoto.

Mzee akauona unalala.

“Kijana, mbona mwanangu anashuka?”

“Hashuki, Mzee. Huo unaonyesha kompresa imembana kiasi gani.”

“Nimelipa hela yote, halafu unambana?”

Nikageuza swichi, mshale ukaanza kuonyesha sauti inayotoka. Ukasogea kulia, Mzee naye akasogea mbele kwenye sofa. Sikuwa nimebadilisha chochote kwenye wimbo. “Hapo umeweka kitu,” akasema.

Msanii mwenyewe naye alikuwa na lake: kwamba kompyuta yangu inakwama, kwa sababu ngoma inapiga na mshale unachelewa. Haikwami. Mishale ya namna hiyo iliwekewa kanuni Marekani mwaka 1939, na kwa kanuni hiyo huchukua milisekunde 300 hivi kufika inakotakiwa. Kofi la ngoma limeshapita, mshale ndiyo kwanza unavaa viatu. Leo kompyuta ingeweza kuufanya uwahi, lakini wachora plagini wamejitahidi uchelewe vilevile kama zamani. Binafsi naona sawa, maana ule uzito unafanana zaidi na sikio lisikiavyo. Jaribu kumweleza hayo kijana anayelipiwa studio kwa saa.

Ndipo nikafanya ujuaji wa kufungua plagini inayochora masafa ya sauti, besi kushoto na sauti nyembamba kulia. Wimbo ulikuwa kwenye sehemu ya kimya, msanii akivuta pumzi, na bado kushoto kulikuwa na kimlima kimesimama hakitikisiki, hezi 50 kamili.

“Oya prodyuza, besi yangu hiyo!”

Ilikuwa muungurumo wa umeme wa ukutani, unaobadili mwelekeo kwa mizunguko 50 kila sekunde, umepenya kwenye waya wa maiki. Nikasema nauondoa.

“Uache kidogo,” akasihi. “Unapendeza.”

Niliuondoa walipotoka kunywa chai. Waliporudi nilikuwa nimeongeza mwishoni plagini isiyogusa sauti hata kidogo, kazi yake kuchora tu: mistari ya kijani, ya njano, na kule juu kabisa myekundu. Nikairekebisha iwe nyepesi kuwaka. Kwenye plagini nyingine wekundu ni onyo kwamba sauti imegonga dari na inakwaruza. Kwa Mzee ulikuwa ndiyo thamani ya hela yake. Kiitikio kilipoingia, skrini nzima ikawa nyekundu.

Akasimama, akaipiga picha kwa simu, akaituma kwenye kundi la ukoo. Pongezi zikaanza kumiminika hapohapo, kabla wimbo wenyewe haujafika dakika ya pili.