Pampu ya Maji, Si Ile ya Kisima

Kwanza, chunga maneno. Ukifika Kakuma ukatangaza kwamba pampu ya maji imekufa, hakuna atakayeliangalia gari lako. Watu watauliza ni ya kisima kipi, foleni ya mitungi imehamia wapi, na kama kuna aliyepigia simu mtu wa maji. Sema "wota pampu", kwa sauti ya dereva, huku umeelekeza kidole kwenye boneti. Hapo utahurumiwa kwa kiasi kinachostahili gari, yaani kidogo.

Mwongozo huu ni wa mwenye Land Cruiser kuukuu, lile lililozaliwa jeupe. Lilitumikia shirika fulani enzi Lokichoggio ilipokuwa kituo cha ndege za chakula cha Sudan, likauzwa mnadani, likauzwa tena, likauzwa kwa shemeji, na sasa ni lako. Mlangoni bado pana kivuli cha nembo iliyobanduliwa. Tundu la antena ya redio umeliziba kwa Big G. Ndani mna injini ya 1HZ: dizeli, silinda 6 kwa mstari mmoja, sisi 4,164, ambayo Toyota ilianza kuitia kwenye magari ya aina hii mwaka 1990. Haina turbo, haina kompyuta, haina haraka. Wanaoipenda husema haifi, na wanasema kweli. Kinachokufa ni vile vilivyoizunguka.

Pampu nayo haifi ghafla, huaga kwanza. Chini ya mhimili wake pana kitundu kilichotobolewa makusudi kiwandani, ili sili ikichoka maji yatokee hapo badala ya kupenya kwenye beringi. Kwingine utaona tone sakafuni. Lodwar, kwenye joto la mchana la nyuzi 36 au 37, tone hukauka kabla ya kugusa mchanga, likabaki doa jeupe la chumvi ambalo utaliita vumbi kwa miezi mitatu. Kisha hufuata mlio, wa kama ndege aliyekanyagwa. Zima injini, shika feni kwa mikono miwili, itikise. Ikicheza kama jino la mtoto wa miaka 6, pampu imeshaaga, bado kuzikwa.

Mwenye akili angeibadilisha papo hapo Lodwar, penye kivuli, maduka ya spea na chai. Kwa hiyo usifanye hivyo. Ongeza maji, piga boneti kofi, sema "itafika", na uondoke kuelekea Kakuma saa saba mchana. Huu ndio utaratibu wa madereva wote ninaowajua, mwandishi akiwemo. Zamani mashimo ya barabara hii yalikulazimisha uende mwendo wa ngamia, nusu ya safari ukiwa umeiacha lami unapita mchangani, na injini ikapata kupumua. Sasa lami mpya imekiondoa kizuizi hicho cha busara. Utakimbia, na milima ya Pelekech itakapoanza kujitokeza mbele, mshale wa joto utakuwa umepanda kuitazama nawe.

Simama. Usifungue kifuniko cha rejeta. Nairudia kwa sababu mkono wako tayari umeshika tambara. Lodwar iko kama mita 500 juu ya bahari, na maji ya sufuria huko huchemka kwenye nyuzi 98 hivi. Ndani ya rejeta kifuniko kimeyafunga kwa shinikizo, kwa hiyo yanaweza kupita nyuzi 100 na zaidi bila kuchemka. Ukifungua, yanakumbuka yote kwa mara moja, na yanakumbukia usoni pako.

Basi subiri. Hii ndiyo hatua ndefu kuliko zote, na vitabu vya ufundi huiruka. Utaketi chini ya mathenge, kichaka kilicholetwa kuzuia jangwa na ambacho watu wa Baringo walikichukia hadi wakaishtaki serikali, mbuzi aliyeng'oka meno kwa kula maganda yake akapelekwa mahakamani kuwa kielelezo. Kivuli chake ni chembamba na miiba yake hutoboa ndara, lakini ndicho kilichopo. Utaapa kwamba kilomita nzima hakuna mtu. Baada ya dakika kumi watakuwa saba. Mzee mmoja ataweka ekicholong yake chini, akae, akuambie "Ejoka", akuulize unatoka wapi, kisha kama una tumbaku. La gari hataliuliza. Gari lililofunguliwa boneti halina siri.

Washauri wengine hawatakuwa na simile kama yeye. Mmoja atasema pasua mayai mawili uyatie ndani ya rejeta. Mwingine, manjano. Wa tatu, kipande cha sabuni, ambacho kweli huziba tangi la mafuta linalovuja, lakini hapa kitakupa injini inayotoa povu. Washukuru wote. Mayai ni chakula.

Utavutwa hadi Kakuma kwa kamba, mzee akiwa amepanda ndani. Hapa nikatize kidogo. Wageni wameandika kwa miaka mingi, katika magazeti na vitabu vya heshima, kwamba Kakuma ni neno la Kiswahili lenye maana ya "mahali pasipo popote". Nimelitafuta kamusini nisilione. Nakusihi usijaribu kulichambua kisarufi, hasa mbele ya mkweo. Kambi ilianza mwaka 1992, vijana wa Sudan walipowasili kwa miguu, na tangu hapo pamekuwa mahali pa kila mtu. Ndiyo maana fundi utakayempata huenda akawa Mkongomani, na unachokiita spana yeye akakiita kle. Mtaelewana. Tena wewe ndiye mwenye shida, kwa hiyo na wewe sema kle.

Sasa agiza pampu. Utapiga simu Kitale, ambako watakuambia wanayo. Baada ya kutuma pesa kwa M-Pesa watakuambia inatoka Eldoret. Na Eldoret nao wataiagiza Barabara ya Kirinyaga, Nairobi. Utaulizwa unataka ya aina gani. Kuna jenuini, kuna orijino, na kuna orijino kabisa. Jenuini inatoka kwa mtengenezaji na bei yake itakufanya ukae chini. Orijino ni feki. Orijino kabisa ni feki yenye boksi zuri. Itapanda basi la usiku, ipite Kainuk na Lokichar, ikufikie siku ya pili ikiwa imefungwa ndani ya gazeti. Siku hizo mbili kunywa kahawa ya Wahabeshi sokoni. Ndiyo sehemu pekee ya kazi hii ambayo ningeirudia kwa hiari.

Pampu ikifika, iweke kando ya ile ya zamani kabla ya kufungua hata nati moja zaidi. Hesabu matundu. Pima urefu wa mhimili. Zungusha kwa mkono usikie kama beringi ina mchanga. Mimi niliwahi kuletewa pampu nzuri sana, inang'aa, ya lori la kampuni nyingine.

Fungua koki ya chini ya rejeta, ukiwa umetega beseni. Usimwage chini kama uliwahi kutia kulanti ya dukani. Ile dawa ni tamu na ni sumu, na mbuzi hajui kusoma kibandiko. Mbuzi aliye hai Kakuma ana bei yake. Aliyekufa kwa ajili ya gari lako ana bei nyingine, na daima alikuwa na mimba ya pacha. Funika beseni, weka mtoto mwenye fimbo alilinde, umlipe.

Kisha legeza nati nne za feni, kwa spana namba 12, kabla ya kulegeza fanibelti. Wengi hufanya kinyume. Mkanda ukishalegea, kila ukisukuma spana feni inazunguka pamoja nawe, mkacheza hivyo hadi magharibi huku mzee wa ekicholong akitazama. Mkanda uliokaza ndio unaoishika puli. Jambo la kushukuru ni kwamba kwenye injini hii pampu huzungushwa na fanibelti hizo za nje, si na mkanda wa taiming. Fundi akianza kufungua kava la taiming, mletee chai, mwondoe hapo polepole.

Bolti za pampu hazilingani urefu. Hili litakutesa kuliko jua. Chukua kadibodi ya boksi la sabuni, chora umbo la pampu, na kila bolti unayoitoa ichomeke kwenye kadibodi mahali pake. Usipofanya hivyo utazikuta zote ndani ya kofia ya fundi, na ile ndefu itaingia kwenye tundu fupi, itakaza, utaridhika, na injini itakuwa imepata ufa. Iliyoshikwa na kutu ipake mafuta, igonge kidogo, iache, uirudie jioni. Ikikatika, huo ni mwongozo mwingine.

Paruza gasketi ya zamani kwa wembe hadi chuma king'ae, tambara likiwa limeziba tundu ili mabaki yasiingie ndani. Gasketi mpya haihitaji silikoni nyingi. Fundi anaipenda silikoni kama mpishi wa harusi anavyopenda mafuta. Ikizidi, inajikunja kwa ndani, inakatika, inakwenda kuziba rejeta. Kaza bolti kwa kukingama, kidogo kidogo.

Hapo fundi atakuonyesha themostati na kutamka kwamba nchi hii ni ya joto, kwa hiyo haina kazi. Atakuwa ameshaishika kama mtu anayemtoa mwiba mgonjwa. Sema hapana. Zipo injini ambazo ukiitoa, sehemu ya maji hupita njia ya kando na kurudi ndani bila kuiona rejeta, gari likazidi kuchemka. Atakukubalia kwa upole. Baadaye hesabu spea zako, utaikuta mfukoni mwake.

Na sasa, maji.

Maji ya visima vingi vya Turkana yana chumvi na madini, hayo ndiyo yaliyoila pampu yako ya kwanza. Mwaka 2013 ilitangazwa kwa shangwe kwamba chini ya Lotikipi pamelala hazina kubwa ya maji; walipokuja kuyapima, wakayakuta ya chumvi. Ziwa Turkana lenyewe ni la magadi. Injini inataka maji safi, yasiyo na madini, nusu kwa nusu na kulanti. Mvua ingefaa, lakini mwongozo huu hauna tarehe ya kuisubiri. Itabidi uende dukani ununue maji ya chupa.

Nakuonya kwamba hutapata mahali pa siri pa kuyamimina. Mfumo mzima unachukua lita 10 na zaidi. Kipimo cha chini ambacho mashirika ya misaada yamejiwekea ni lita 15 kwa mtu mmoja kwa siku: kunywa, kupika, kuoga. Utakuwa umesimama juu ya bampa, ukifungua chupa ya tatu, na ng'ambo ya barabara wanawake wanapanda kutoka laga ya Tarach, mitungi ya lita 20 kichwani. Wamechimba mchanga kwa bakuli hadi shimo likawameza mabega, wakayasubiri maji yajikusanye, wakayachota kikombe kwa kikombe. Watakutazama ukilinywesha gari maji yenye kifuniko cha bluu. Hawatasema neno. Mmoja atauliza kama anaweza kupewa chupa tupu. Mpe. Kabla hujamaliza kumimina hazitabaki, na hii ndiyo sehemu pekee ya matengenezo haya isiyoacha taka.

Mimina polepole, hewa ipate pa kutokea. Washa injini kifuniko kikiwa wazi, iache ingurume taratibu, ongeza kadiri maji yanavyoshuka. Ila hewa nyingine hujificha ndani ya mipira ya hita, na haitoki mpaka hita ifunguliwe. Ndiyo, hita. Ingia ndani, mchana huohuo, uitafute swichi ambayo haijaguswa tangu gari literemshwe Mombasa. Isukume hadi mwisho kwenye alama nyekundu. Itatoa kwanza vumbi, kisha bawa la nzige, kisha upepo wa tanuri ya mkate. Watu watachungulia dirishani wakuone unaota moto Turkana. Wasalimie.

Ukiona mshale umetulia katikati, mpira wa juu wa rejeta una joto, na chini ya pampu ni pakavu, funga kifuniko. Mlipe fundi, mlipe mtoto wa beseni, mwachie mzee tumbaku. Pampu ya zamani usiitafute, imeshapata mwenyewe. Sasa rudisha swichi ya hita kwenye baridi.

Haitarudi. Waya wake umekatika kwa kutu, upande wa joto. Kutoka hapo hadi Lodwar ni kama kilomita 120.