Hati Feki Mlimani Uluguru

Kuna watu wakisikia ndege wanaimba mlimani hufumba macho na kusema viumbe wanamsifu Muumba. Mimi simkatalii mtu imani yake. Ninachosema ni kwamba sehemu kubwa ya zile nyimbo ni kesi ya kiwanja. Ndege anayepanda juu ya mti alfajiri na kupaza sauti anawatangazia wenzake: mpaka wangu unaishia kwenye mti huu, ukivuka tutanyonyoana manyoya. Na hapohapo anatafuta mchumba, maana mwenye kiwanja hakosi wa kumsikiliza.

Haya nimeelezwa Morogoro, kwenye njia ya kupanda Morningside, jua la Januari likinichoma kisogo. Shemeji yangu amenunua darubini, na tangu siku hiyo hakuna anayepumzika katika ukoo. Alfajiri, ndege wanapoimba kwelikweli, yeye alikuwa anasubiri supu. Tukaanza kupanda saa nne, joto limepamba moto, waimbaji wengi wameshanyamaza. Akina mama waliokuwa wanateremka na mizigo ya karoti kichwani wakatuuliza tunatafuta nini.

"Ndege, mama."

Wakatazamana. "Kwani Dar wamekwisha?"

Kijana aliyetuongoza ni fundi wa kuonyesha. "Mzee wangu, yule pale, kushoto kwa tawi kavu." Matawi makavu Uluguru yamejaa, na kila nililolitazama lilikuwa limehamwa dakika hiyohiyo. Aliyenionea huruma ni chozi. Alitua kwenye ua jekundu hatua chache kutoka nilipokaa, kichwa kinameta kijani, akatoboa ua chini karibu na kikonyo, akafyonza utamu kwa mlango wa nyuma na kwenda zake bila kugusa chavua. Mwizi, ila anafanya kazi kwa usafi.

Kisha tukamsikia tiva. Hawa huimba mume na mke: mmoja anaanza, mwenzake anadakia, na wanapokezana vizuri hata utaapa ni ndege mmoja. Kwangu mimi kudakiana kupo, wimbo ndio haupo. Tukasubiri, wasitoke kichakani. Kijana akatoa simu, akabonyeza, tiva wa kwenye simu akaanza kuimba.

Wenye kiwanja walitoka mbio! Manyoya ya mgongoni yamevimba, wanaruka tawi hadi tawi wakimsaka mvamizi. Wakamkuta shemeji na chapati mkononi. Akapiga picha, akasema haikutoka vizuri, akaomba wimbo urudiwe.

Hapo ndipo uvumilivu uliponiishia. Sisi, tunaojua uchungu wa kiwanja kimoja kuuzwa kwa watu wawili, ndio wa kuwapelekea ndege hati feki? Muda anaoutumia kumtafuta adui asiyekuwepo, ndege hali, halishi makinda, na kiota hakina mlinzi. Yote hayo ili shemeji apate picha ya kuweka kwenye kundi la ukoo, ambako itapongezwa kwa vidole gumba na kusahaulika kabla ya chakula cha jioni.

Basi ndugu msomaji, ukienda mlimani, supu inywe ukirudi. Amka saa kumi na moja, vaa nguo zisizong'aa, tulia, na simu ikae mfukoni. Ndege asipotoka, kubali. Pale ni kwake, na hana wajibu wa kumfungulia kila anayebisha hodi.